Alama za upanga wa Babu

Solingen, Ujerumani

Ami, shikamoo. Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Umeuliza kama yule mbwa kwenye upanga wa Babu anatosha kuonyesha kuwa ni wa Kijerumani. Hatoshi. Kwanza ni mbwamwitu. Alama hiyo ilianzia Passau, mji mwingine wa Ujerumani, zama za kati, mafundi wa Solingen wakaiiga kwa kuwa iliuza, na baadaye wahunzi wa milima ya Caucasus, mpakani mwa Ulaya na Asia, nao wakaichora. Alama ya miezi miwili yenye nyuso ni hivyo hivyo: iligongwa hapa Solingen, kisha Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, wakaigonga kwenye panga zao.

Miezi ni rahisi kuipima. Muhuri wa kiwandani hugongwa kwa pigo moja, kwa hiyo jicho, pua na mdomo huonekana, na kina ni kimoja. Ya kuiga mara nyingi ni mkunjo mtupu wa patasi usio na uso. Mbwamwitu ndiye msumbufu, maana hata wa asili alichorwa kwa patasi, mistari michache tu, mara nyingine ikajazwa shaba ya manjano. Kwake tazama na upanga wenyewe.

Basi nipigie picha pande zote mbili, kuanzia kwenye mpini hadi sentimita 20, rula ikiwa kando. Usitumie mwanga wa kamera. Shika tochi chini, ubavuni, uizungushe taratibu, alama iliyofifia itajitokeza. Pima urefu, upana na unene karibu na mpini, katikati na karibu na ncha, uhesabu na mifereji iliyochongwa kwa urefu wa upanga. Mpini usiufungue: ngozi na nyuzi za fedha hazirudi zilivyokuwa.

Ukiona "MADE IN GERMANY", usihangaike na enzi ya Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar aliyefariki 1856; maandishi hayo yaliletwa na sheria ya Uingereza ya 1887. Majina ya watengenezaji wa panga wa hapa, Weyersberg na Kirschbaum, yakiwa pamoja, ni baada ya 1883, kampuni hizo zilipoungana. Alama tupu haina mwaka, kwani ilirithiwa na kuuzwa. Wala fedha ya mpini haitasaidia, maana panga nyingi zilisafirishwa bila mpini, zikavishwa Omani au kwetu.

Na tafadhali, waambie vijana wasiusugue kwa ndimu na mchanga. Kutu nyepesi ipakwe mafuta ya cherehani, ikae usiku mmoja, ifutwe kwa kitambaa laini. Alama iliyosuguliwa hata jumba la makumbusho la hapa haliwezi kuisoma.

Msalimie Bi Mkubwa.