Paka wako hang'ati bila kuonya

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Neema,

Habari za Nyegezi? Barua yako nimeipata. Kwanza mkono wa mtoto aliyeng'atwa na paka wenu. Jeraha la meno ya paka huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, maana paka naye huambukizwa kichaa cha mbwa. Unasema kidonda kimeshafunga. Hata hivyo mpeleke kesho asubuhi, tafadhali. Paka naye achanjwe.

Sasa hilo la kwamba "anageuka ghafla" akipapaswa. Hageuki ghafla, Neema. Anaonya kwa mwili, na ninyi mnasubiri sauti.

Akija kukulalia miguuni, mpapase sekunde 3 kisha tuliza mkono. Akikusukuma kwa kichwa, endelea. Akigeuza uso, mwache. Ukishupaa utaona ncha ya mkia ikianza kuchezacheza, halafu ngozi ya mgongo inatetemeka kama ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Masikio yanageukia pembeni, kichwa kinaanza kufuata mkono wako. Kinachofuata ni meno. Wafundishe watoto kuondoa mkono mkia unapoanza tu, wasingoje masikio. Wampapase mashavuni na chini ya kidevu. Tumbo waliache kabisa: akijilaza chali anaonyesha kuwa anawaamini, hajaomba kushikwa hapo. Hili ndilo linalowaponza wengi.

Mkia wake msiusome kama wa mbwa. Akiuchapa huku na huku, amekereka. Akija ameusimamisha wima, ncha imejikunja kidogo, hiyo ndiyo salamu yake. Ukifutuka kama brashi ya kuoshea chupa, ana hofu, hata akikunja mgongo aonekane mkubwa.

Mboni za macho usizitegemee peke yake. Juani huwa mstari mwembamba, na umeme ukikatika usiku hutanuka bila hasira yoyote. Zikitanuka mchana kweupe, masikio yakiwa yamelala, huyo ameogopa. Mvua kubwa ikipiga bati utamwona hivyo uvunguni. Usimvute. Laza boksi ubavu karibu naye, tandika kipande cha kanga kuukuu, atoke kwa wakati wake. Akishatulia, mtazame kisha fumba macho polepole. Mara nyingi naye atakufumbia yake.

Ule mngurumo wa kooni nao usikudanganye. Hunguruma akiridhika, na hunguruma pia akiwa na maumivu. Angalia alivyokaa: amejikunyata, kichwa kimeshuka chini ya mabega, macho nusu, hata dagaa hawamtoi alipo. Akipitisha siku nzima hajala, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu paka akikaa na njaa siku kadhaa ini lake huharibika.

Jambo moja nakusihi ulishike, kwa kuwa wako ni dume. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara kama anayetaka kukojoa, mkojo hautoki au linatoka tone tu, pengine analia na kujilamba hapo, njia imeziba. Usingoje asubuhi na usimpe dawa za watu. Panadol humuua paka. Mpelekeni saa hiyohiyo, kwani siku mbili zinatosha kumwua.

Niandikie daktari atakavyosema kuhusu mkono wa mtoto.

Rafiki yako,
Pendo