Rhema nayo hupimwa

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Lakini habari yenu ya ule mkutano wa injili imenishinda kuinyamazia. Mlimnukuu mhubiri akisema kwamba katika Kigiriki cha Agano Jipya logos ni neno lililoandikwa, la watu wote, ila rhema ni neno hai ambalo Mungu humpa mtumishi wake papo hapo. Mkalichapa hivyo hivyo, bila kumuuliza hata mwalimu mmoja wa Kigiriki, na katika vyuo vyetu vya theolojia wamo.

Agano Jipya halina ngazi hiyo. Rhema ni neno lililosemwa, basi. Pengine ni jambo tu, kama lile wachungaji walilokwenda kulitazama Bethlehemu katika Luka 2:15. Petro, waraka wake wa kwanza sura ya 1, mstari wa 23 anaandika logos, akifika wa 25 anaandika rhema, na anachozungumzia ni kile kile, neno la Mungu walilohubiriwa. Matendo 10:44 yote mawili yamo katika mstari mmoja: Petro anasema rhema, watu wanasikia logos, na mahubiri ni hayo hayo, nyumbani kwa Kornelio. Tena wale waliomsingizia Stefano katika Matendo 6:11 kwamba amemtukana Musa, matusi hayo wanayomsingizia, Luka mwandishi wa kitabu hicho anayaita rhema. Neno linaloweza kubeba hata matusi halimpandishi mtu cheo.

Mdogo wangu ni mjane, anaishi kwa kushona. Mtumishi mmoja alimsimamisha mbele ya watu akamwambia amepokea rhema juu yake: auze alichonacho, apande mbegu, yaani atoe sadaka, na kabla ya mwaka kuisha atakuwa na nyumba yake. Akauza cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu mumewe, akauza na pasi ya mkaa, na vitambaa vya wateja akavirudisha vimeshakatwa, havijashonwa, chaki ingali juu. Pesa yote ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye kapu la sadaka. Mwaka ukaisha, nyumba hakuna, kazi hakuna, na wateja wanamdai vitambaa vilivyoharibika. Alipokwenda kuuliza akajibiwa kwamba logos ndiyo ya kuchunguzwa, rhema haipimwi, rhema hupokelewa, na kama haijatimia basi imani yake ndiyo ndogo. Mtu amepoteza riziki, halafu anarudishwa nyumbani na lawama juu! Naomba kila msomaji afungue mwenyewe Mathayo 12:36, pale Bwana Yesu anaposema kila neno lisilo maana watakalolinena wanadamu watalitolea hesabu siku ya hukumu. Neno hilo kwa Kigiriki ni rhema. Na Mathayo 18:16, kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, hapo pia ni rhema. Nani basi amewapa ruhusa ya kutuambia haipimwi?

Na sisi waumini tumeacha kufungua Biblia. Mstari unarushwa kwenye skrini, tena nusu, unaondolewa kabla hujajua uliotangulia unasemaje, kinanda kinaingia. Bibi zetu wasiojua kusoma walizibeba Biblia zao zimefungwa kwenye kitambaa, wakifika nyumbani wanamwita mjukuu awasomee sura nzima. Leo ukionekana nayo kwapani unaambiwa dini yako ni ya zamani.

Nina ombi. Kila mtakapochapa neno la Kigiriki kutoka kinywani mwa mhubiri, chini yake chapeni Mathayo 12:36, Mathayo 18:16 na 1 Wathesalonike 5:21, ule wa kujaribu mambo yote, mistari mizima, si namba tu, kwa herufi kubwa kama zile za matangazo ya mikutano. Kisha mwandishi wenu amuulize mhubiri huyo rhema alizotoa mwaka jana zimetimia kwa nani, na aende akawaone watu hao. Akianza na wajane, mimi nitampeleka kwa wa kwanza.

Msomaji wenu,
Morogoro