Barabara haichagui kiongozi wa timu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kauli moja ambayo mameneja wa timu za baiskeli hupenda kuitoa kila mbio kubwa za hatua nyingi zinapokaribia, na ambayo vyombo vya habari huichapisha bila kuihoji. Timu inapopeleka waendeshaji wawili wenye uwezo wa kushinda, meneja huulizwa kiongozi ni nani, naye hujibu kwamba barabara itaamua. Kauli hiyo husikika kama ya haki, kana kwamba kila mmoja atapata fursa sawa na milima ndiyo itakayomtambua aliye bora. Mimi nashikilia kwamba si kweli. Kiongozi huchaguliwa na watu, ama kabla ya mbio, ama ndani ya gari la timu mbio zikiwa zinaendelea, na meneja anayekwepa kulisema hilo hadharani huwatwisha waendeshaji wake mzigo ambao ni wake yeye.

Anayefuatilia Tour de France, Giro d'Italia au Vuelta a España, yaani mbio kubwa za wiki tatu za Ufaransa, Italia na Uhispania, anafahamu kwamba ushindi baada ya hatua 21, kila hatua ikiwa mbio ya siku moja na muda wa zote ukijumlishwa, hautokani na miguu ya mtu mmoja. Tangu mwaka 2018 kila timu katika mbio hizo huanza na waendeshaji 8, na kwa kawaida 7 kati yao hutumika kwa ajili ya mmoja. Humkinga upepo kwenye tambarare, hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji na kuzisheheneza ndani ya jezi zao, humsubiri anapopata pancha, na gari likiwa mbali humpa gurudumu lao wenyewe wakabaki wamesimama kando ya njia. Aliyehifadhiwa hivyo kwa wiki 2 hufika milimani akiwa na nguvu ambazo mwenzake aliyekuwa akipambana na upepo hana tena. Kwa hiyo mlima unapowatenganisha, sehemu ya tofauti ya muda inayoonekana kwenye kioo cha televisheni ilikwisha kupangwa siku nyingi nyuma, na nani alikaa mbele ya nani halikuwa jambo la bahati.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa timu ya La Vie Claire katika Tour de France ya 1985 na ya 1986. Mwaka 1985 Bernard Hinault wa Ufaransa alikuwa akitafuta ushindi wake wa tano, na Greg LeMond wa Marekani alikuwa mwenzake katika timu hiyo. Hinault alianguka karibu na mstari wa kumalizia hatua mjini Saint-Étienne, akavunjika pua, na akaingia milima ya Pyrenees akiwa dhaifu. Katika hatua ya kwenda Luz Ardiden, LeMond alikuwa mbele pamoja na Stephen Roche, mpinzani wa timu nyingine, huku Hinault akiwa ameachwa nyuma. Gari la timu likamfuata LeMond na kumwagiza asishirikiane na Roche kuongeza kasi. LeMond alilalamika baadaye kwamba aliambiwa Hinault yuko nyuma kidogo tu, ilhali alikuwa mbali zaidi. Alitii, akasubiri, na Hinault akashinda Tour hiyo kwa dakika 1 na sekunde 42 mbele ya LeMond. Ile hatua haikuamuliwa na barabara, bali na mtu aliyeongea kupitia dirisha la gari.

Baada ya hapo Hinault aliahidi hadharani kwamba mwaka unaofuata angemsaidia LeMond ashinde. Lakini ilipofika 1986 alichomoka katika hatua ya kwenda Pau, akajipatia uongozi wa zaidi ya dakika 5, na kesho yake akachomoka tena. Nguvu zikamwishia kabla ya kufika Superbagnères, na LeMond akashinda hatua hiyo na kurudisha karibu muda wote aliokuwa amepoteza. Hata baada ya LeMond kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour, na baada ya wawili hao kuvuka mstari wa Alpe d'Huez wakiwa wameshikana mikono na LeMond kumwachia mwenzake ushindi wa hatua, Hinault bado alisema kwamba mbio hazijaisha. Alijitetea kwa kudai kwamba mashambulizi yake yalikuwa ya kuwachosha wapinzani. LeMond alishinda kwa dakika 3 na sekunde 10, akawa Mmarekani wa kwanza kuitwaa Tour, lakini alikaa wiki nzima ya mwisho akimchunga mtu aliyevaa jezi ya timu yake mwenyewe. Uongozi wa timu uliiacha ahadi ile mikononi mwa aliyekuwa na sababu ya kuivunja, na sioni kama Hinault peke yake ndiye wa kulaumiwa.

Mwaka uliofuata, timu ya Carrera ilifika mahali pabaya zaidi katika Giro d'Italia. Roche yuleyule, sasa akiwa Carrera, alimshambulia kiongozi wa timu yake, Roberto Visentini, katika hatua ya kwenda Sappada, na timu ikawaagiza waendeshaji wake wamfukuze mwenzao. Aliyebaki upande wa Roche alikuwa Eddy Schepers peke yake. Roche alishinda Giro hiyo huku akizomewa na kutemewa mate na mashabiki kando ya barabara.

Ndugu Mhariri, wapo watakaonijibu kwamba kuficha jina la kiongozi ni mbinu halali, kwa sababu wapinzani wakishindwa kujua wa kumfuata watatapanya nguvu zao. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendi kuipuuza. Katika Tour ya 2022, timu ya Jumbo-Visma ilianza na viongozi wawili, Primož Roglič na Jonas Vingegaard, na katika hatua ya kwenda Col du Granon walimshambulia mpinzani wao Tadej Pogačar kwa zamu, huyu akirudishwa kundini yule akichomoka, mpaka Pogačar akaishiwa nguvu kwenye mlima wa mwisho na kupoteza karibu dakika 3 na jezi ya njano. Wengi huitaja siku hiyo kama uthibitisho kwamba methali ya mafahali wawili haina nafasi katika mchezo huu. Lakini wanasahau kwamba Roglič alikuwa amekwisha kuumia bega siku chache kabla na kupoteza muda mwingi. Alijua anajitoa kwa ajili ya nani. Mbinu ilifaulu kwa sababu ndani ya timu hapakuwa na swali tena, hata kama wapinzani walilazimika kuwafukuza wote wawili.

Zamani pia mambo yaliwezekana pale msimamizi alipoubeba uamuzi mwenyewe. Alfredo Binda aliiongoza timu ya Italia katika Tour ya 1949 akiwa na Fausto Coppi na Gino Bartali, watu ambao uhasama wao ulikuwa umeigawa nchi nzima. Aliwafanya wakubaliane kabla ya mbio. Bartali alipokwama njiani katika hatua ya kwenda Aosta, Binda ndiye aliyemruhusu Coppi aendelee, na lawama ikamwangukia yeye. Italia ilimaliza ikiwa na nafasi mbili za kwanza.

Ninayemkumbuka zaidi ninapoandika haya ni Sepp Kuss. Mwaka 2023 Mmarekani huyo wa Jumbo-Visma alimsaidia Roglič kushinda Giro, akamsaidia Vingegaard kushinda Tour, kisha akaenda nao Vuelta akiwa tena msaidizi. Huko akashinda hatua ya sita na baada ya siku mbili akavaa jezi nyekundu ya uongozi. Timu ilikuwa na watu watatu katika nafasi tatu za kwanza, haikuwa na mpinzani wa kuogopwa, na bado ilishindwa kwa siku kadhaa kutamka kwamba wawili wale wamlinde aliyekuwa amewalinda mwaka mzima. Kwenye Angliru, mlima ambao mwinuko wake unazidi asilimia 20 mahali fulani, Roglič na Vingegaard walimwacha Kuss ndani ya ukungu. Aliyebaki naye hadi juu alikuwa Mikel Landa, mwendeshaji wa timu nyingine kabisa, aliyekuwa akishughulikia nafasi yake mwenyewe. Jioni hiyo uongozi wa Kuss mbele ya Vingegaard ulikuwa umebaki sekunde 8. Ndipo timu ilipotangaza kwamba itamlinda, na akashinda Vuelta kwa sekunde 17.

Najua wapo wanaosema kwamba Roglič na Vingegaard walikuwa na nguvu zaidi siku ile, hivyo walistahili kuondoka. Siwezi kukubaliana nao. Nguvu za siku moja haziwezi kupimwa bila kuhesabu kilomita alizozitumia Kuss mbele ya wenzake mwezi Mei na mwezi Julai. Kumwacha mtu wa namna hiyo atetee jezi yake kwa msaada wa bahati ni dhuluma, na ni dhuluma iliyoepukika kwa sentensi moja kabla ya Angliru.

Timu ya Sky ilionyesha sura nyingine mwaka 2012. Chris Froome alipomwacha Bradley Wiggins kwenye mlima wa La Toussuire, aliamriwa kwa redio arudi kumsubiri, naye akarudi. Wengi walichukizwa, na kwa kweli haikuwa picha ya kupendeza. Lakini Wiggins alikuwa ametangazwa kuwa kiongozi tangu mwanzo, na Froome alipanda baiskeli akilijua hilo. Mwaka 2013 zamu ikawa yake, akashinda. Mimi nauheshimu ukali wa wazi kuliko upole unaomwacha kila mmoja akikisia.

Baina ya timu na timu mambo ni tofauti, kwani uhasama huo ndio uhai wa mchezo, na hauhitaji idhini ya mtu. Katika Giro ya 2025, Isaac del Toro na Richard Carapaz walichungana wao kwa wao katika hatua ya 20, na Simon Yates, aliyeianza siku hiyo akiwa nyuma ya del Toro, aliyekuwa akiongoza, kwa dakika 1 na sekunde 21, akaondoka kwenye Colle delle Finestre na kuitwaa Giro. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ila hata hapo angalieni kilichomfikisha Yates: mwenzake wa timu Wout van Aert, aliyekuwa ametangulia mbele, alimsubiri upande wa pili wa mlima na kumvuta bondeni kuelekea Sestriere. Van Aert hakuwa na shaka hata kidogo kuhusu kazi aliyotumwa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako wasiipokee tena kauli ya barabara itaamua kama jibu lililokamilika. Meneja anapoitoa, aulizwe papo hapo: wawili hawa wakiwa pamoja katika kundi la mbele na mmoja akapata pancha kilomita 10 kabla ya kilele, nani atasimama na nani ataendelea? Jibu lake lichapishwe, na likibadilika katikati ya mbio lichapishwe tena pamoja na jina la aliyelibadilisha.

Ni mimi, msomaji wako wa kurasa za michezo.