Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: somo la dini lifundishe pia jinsi akili inavyoamini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa somo la dini hapa Kisumu. Naomba vitabu vya sekondari ya juu viongezewe mada kuhusu namna akili ya binadamu inavyofikia imani.

Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Kila kisa kama hiki kinapotokea tunasikia kwamba watu waelimishwe, wafundishwe sayansi. Lakini nimekaa katika matanga mengi ambako daktari alitaja malaria, kila mtu akasikia, na bado watu wakanong'onezana ni nani aliyemroga marehemu.

Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alilikuta swali hilo kwa Waazande wa Sudan, akaliandika mwaka 1937. Ghala likiwaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile, juu ya watu wale wale. Hapo ndipo mchawi anapotajwa. Somo la mchwa, hata lifundishwe vyema namna gani, halimjibu.

Na si Mzande peke yake. Mwaka 1944 huko Marekani, wanasaikolojia Heider na Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikisogea tu. Karibu wote walisimulia ugomvi, uonevu, hata mapenzi. Mwanasaikolojia Justin Barrett anaeleza kwamba akili zetu ni nyepesi mno kuhisi kuna mtendaji: aliyekimbia majani yakitikiswa na upepo hakupoteza kitu, aliyepuuza akakuta ni chui hakurudi nyumbani. Msiba ukitufika, wepesi huo huzidi. Mwanafunzi anayelijua hili ana la kujiuliza kabla ya kumnyooshea kidole nyanya ya mtu.

Najua maaskofu na mashehe watahofu kwamba tunawafundisha watoto kuwa Mungu ni zao la ubongo. Hofu yao naiheshimu, maana nami ni muumini. Lakini Barrett mwenyewe ni Mkristo, na William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, alishaonya mwaka 1902 kwamba chanzo cha imani hakitoshi kuipima thamani yake. Tukieleza jinsi jicho linavyouona mti, mti bado upo. Kama Mungu yupo ni swali la falsafa na la moyo wa mtu. Vijana wetu wanastahili kulikabili wakiwa na akili iliyoamka.

Wala fikra hizi si za kuagizwa kutoka nje. Mwanafalsafa wetu Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya huko Siaya, aliwaendea wazee vijijini akawahoji, akawapata waliozipima desturi za jamii zao kwa hoja. Mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 1990. Inaniuma kwamba mtoto wa Siaya anaweza kumaliza shule bila kulisikia jina lake.

Iagize Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iwaketishe pamoja walimu wa dini, viongozi wa makanisa na misikiti, na wahadhiri wa falsafa. Walimu tupewe mafunzo kwanza, kwani mada hii ikishikwa vibaya itawaumiza watoto. Nikiitwa, nitakuja Nairobi kwa nauli yangu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa somo la dini, Kisumu