Ukiumwa, sema siku hiyohiyo

Mwanangu mpendwa,

Jana baada ya Isha nilitoka uani kuitazama ile nyota, Alfa Sentauri. Msimu wake unakwisha. Ilikuwa chini kusini-magharibi, na saa tatu na nusu ilikuwa imeshajificha nyuma ya mnazi wa jirani. Mama yako aliuliza natafuta nini, nikasema naangalia kama mvua inakuja.

Edinburgh, huko Uskoti uendako kusoma, hutaiona. Mtu akishaivuka Misri kwenda kaskazini, nyota ile haichomozi tena, iwe Januari au Agosti. Ila si nyota iliyonikosesha usingizi. Nina ombi moja, na nitalirudia hadi uchoke: ukiumwa, sema. Siku hiyohiyo, usingoje mpaka upone.

Nimefundisha jiografia miaka 31 nikiwaambia watoto wa watu kwamba zile nyota mbili kali zinazoelekea kundi la Msalaba wa Kusini, Alfa Sentauri na jirani yake, ni pacha. Wewe ukasema sivyo: yule jirani yuko mbali, nuru yake husafiri karibu miaka 390 kutufikia, na mwenzi wa kweli wa Alfa Sentauri yumo humohumo ndani ya ile nuru moja, macho matupu hayamtenganishi mpaka upate darubini. Jua mbili, zinazungukana kwa miaka 80 hivi. Nilikukaripia mbele ya wageni siku ile. Baadaye nilisoma, na maneno yako yalikuwa sahihi yote.

Nuru ya Alfa Sentauri hutufikia baada ya miaka minne na miezi minne. Basi hiyo niliyoiona jana ilianza safari ulipokuwa kidato cha pili. Mambo ya bwenini unayajua, sirudii. Lakini siku tisa, mwanangu! Siku tisa una malaria, kimya, nasi tuko mwendo wa basi moja la asubuhi.

Huko uendako ndiko alikofia Thomas Henderson, mwaka 1844. Huyu Mskoti aliipima Alfa Sentauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema, 1832 na 1833, akarudi kwao afya ikiwa mbovu. Vipimo vya kujulisha umbali wake alikuwa navyo. Hakuviamini, akakaa navyo. Alipovitangaza 1839, Bessel, Mjerumani, alikuwa ameshatoa umbali wa nyota nyingine mwaka mmoja kabla, na sifa ya kwanza ikaenda kwake. Wengi humsikitikia Henderson kwa sifa hiyo. Mimi namfikiria mtu mgonjwa, ana habari kubwa kifuani, hamwambii mtu.

Bibi yako alipofariki, mimi ndiye niliyekataza usiambiwe mpaka umalize mtihani wa kidato cha nne. Mama yako hakuafiki. Kwa hiyo najua kunyamaza umejifunza nyumba gani.

Ukipata homa huko, hata baada ya miezi, mwambie daktari umetoka Tanga, kwenye malaria. Mwambie mapema, kabla hajauliza. Wao hawaioni kila siku, wanaweza kudhani ni mafua ukarudishwa chumbani na vidonge vya maumivu. Halafu utupigie. Hata usiku wa manane piga, mimi siku hizi silali sana. Vocha isiwe kisingizio.

Koti ulilonunua mnadani ni jepesi, nilikwambia hukunisikia. Tenga hela ununue jingine hukohuko wiki ya kwanza. Kula asubuhi. Ile barua ya ufadhili nimeionyesha barazani mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Usikasirike, nakala ninayo kwenye faili la shamba.

Fundi wa mabati ya jikoni hajatokea tangu apewe nusu ya hela. Mdogo wako ameshahamishia godoro lake chumbani kwako, nimemwambia vitabu vyako asiviguse. Shangazi yako huko Dar atakupa papa mkavu. Mshukuru upokee, ila usimtie sandukuni na nguo.

Jana kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mafua. Ukasema ni vumbi la basi. Ni vumbi kweli? Kapime kabla ya Jumapili, na majibu nitumie mimi mwenyewe, usipitishie kwa shangazi.

Na ufunguo wa kabati la vyeti, umeondoka nao? Mama yako anautafuta tangu Jumatatu.

Baba yako