Muswada si bili, na Washington haikutangulia

Mhariri,

Miaka 19 nasoma gazeti lenu kwenye simu kabla sijaingia kazini hapa Madison, Wisconsin, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Taarifa yenu ya juma lililopita, ile ya wataalamu wanaowasaidia wabunge wa Marekani, imenishinda kunyamazia. Eti jambo hili lilianzia Washington mwaka 1914! Hapa Wisconsin lilikuwapo tangu mwaka 1901. Washington waliiga.

Mwanzoni ofisi yetu hiyo ya kuwasaidia wabunge wa jimbo ilikuwa maktaba tu, chini ya Charles McCarthy, mtoto wa wahamiaji wa Ireland. Alikata habari magazetini, akaandikia majimbo mengine barua kuuliza: sheria yenu fulani imefaa au imewashinda? Mbunge akitaka kuandikiwa muswada alileta maagizo kwa maandishi, na sahihi yake juu. Ya mdomo hayakupokelewa. Wapinzani wakapaita kiwanda cha miswada. Emanuel Philipp aligombea ugavana mwaka 1914 akitaka pafungwe. Akashinda, akaingia ofisini, akapaona pana manufaa, akapaacha. Utamu wote huo mwandishi wenu kauruka! Edwin Witte naye, aliyepaongoza baada ya McCarthy, ndiye aliyeitwa Washington mwaka 1934 kusimamia kazi iliyozaa Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935.

Lakini kilichonikera hasa ni ile sifa ya wabunge “wanaokesha wakiandika sheria.” Wanakeshea wapi? Januari moja, baridi ya kupasua midomo, tulikusanyika wapangaji kwenye ukumbi wa kanisa. Mbunge mmoja wa jimbo, jina nalihifadhi, akatusimulia alivyouandika muswada wa amana za nyumba kwa mkono wake mwenyewe, usiku, watoto wamelala. Nikanyoosha mkono: mheshimiwa, kifungu cha tatu kinasemaje? Akalowesha kidole, akafunua karatasi, akarudi nyuma, akafunua tena, mpaka msaidizi wake akaja kumnong’oneza. Ukumbi mzima kimya, bomba la joto tu linagonga. Kuandikiwa si aibu. Hata barua ya posa huandikwa na wazee, na bwana harusi haoni haya. Ila bwana harusi hasimami ukweni akajisifia mwandiko! Wanaoandika kweli ni watumishi wa ofisi ileile, ambayo ipo mpaka leo, na majina yao hamtayasikia jukwaani.

Na tukiwa hapohapo: mmeandika “bili” mara nne. Bili ni ya maji na umeme. Bungeni huenda muswada, na haujawa sheria mpaka upite na, kwa kawaida, kutiwa saini, kwa hiyo hata “sheria iliyowasilishwa” haipo. Chukueni karatasi ngumu, andikeni maneno hayo kwa kalamu nene, mtundike juu ya birika la chai la chumba cha habari. Mlangoni hapana, hakuna anayesoma vya mlangoni.

Msomaji wenu,
Madison, Wisconsin