Hawa kashuka Magamba na baiskeli

Zuhura shoga angu,

Mambo vipi, wazima huko? Sisi wazima ila mikono inauma kwa kukamata breki, tumerudi juzi kutoka Lushoto na nimeona nikuandikie kirefu kabisa.

Si uliniambia mtoto wa miaka tisa hawezi kushuka mlima na baiskeli? Hawa kashuka bwana! Tulikodi kirikuu pale Lushoto mjini ikabeba baiskeli zote mpaka Magamba juu, karibu na ule msitu wa hifadhi, baridi ya mwezi wa sita we acha tu, watoto walivaa masweta mawili mawili na mbega wako juu ya miti wanatukodolea macho.

Kabla ya kushuka baba Nasri akakagua kila baiskeli, akakaza waya, raba za breki za Hawa zilikuwa zimelika akaweka mpya, halafu akawakalisha watoto akawaambia msikamate breki moja kwa moja, rimu inapata moto na raba haishiki tena, kamata achia, kamata achia, na kona unapunguza mwendo kabla hujaingia sio ukiwa katikati. Makalio yarudi nyuma ya siti, pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, macho yaangalie mbali mbele maana ukilikodolea shimo utaliingia tu. Hayo mafunzo ndo yalifanya safari yote, naomba na wewe uwafundishe wanao kabla hamjaja, hata kwenye kimlima cha hapo mtaani.

Baba akatangulia, watoto katikati, mimi nyuma. Kuna kona moja ya udongo mwekundu ina mawe na mifereji ya maji, Nasri akapita vizuri, Hawa akasimama mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akashuka kwenye siti, akaikokota baiskeli mpaka chini ya mawe ndo akapanda tena akaendelea. Shoga, machozi yalinitoka. Mimi ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote, mtoto anajua mwenyewe hapa naweza na hapa bado, wala haoni aibu.

Lushoto tukapumzika tukanunua peasi, tukateremka na lami mpaka Soni tukaangalia maporomoko. Kutoka Soni kwenda Mombo watoto tuliwapakia kwenye kirikuu, barabara nyembamba, huku ukuta wa mlima huku korongo, mabasi yanapiga honi kila kona, hapo mtoto hapana hata awe hodari vipi. Baba Nasri yeye alishuka yote. Lushoto iko kama mita 1,400 na Mombo kama 400 kwahiyo unashuka kilomita nzima kwenda chini, joto unalisikia linapanda kila kona, masweta yakavuliwa moja moja mpaka mnafika chini kwenye mikonge mnatoka jasho.

Likizo ijayo ya mwezi wa sita tunaenda tena na nataka muwepo, mwezi wa kumi na mbili sikushauri mvua ikinyesha ule udongo unateleza sana. Nipimie urefu wa Faridi nijue kama nimtafutie baiskeli namba 20 au 24, na helmeti mnunue huko huko imkae vizuri kichwani, isichezecheze.

Wasalimie wote,
Mama Nasri